Waya Mrefu wa Kilimani

Lori la saruji lilinifikisha hadi pale barabara ilipokatika. Dereva alizima injini, akanionyesha kwa kidevu mafundi waliokuwa wakilifumua daraja ubao kwa ubao, akasema, "Ndugu yangu, safari imeota mbawa." Yeye angeweza kulala juu ya mzigo wake. Mimi nilitwaa begi langu nikarudi kwa miguu hadi kwenye mji tulioupita bila kuutazama: safu ya maduka yenye milango ya mabati, karakana ya kuchomelea vyuma, kituo cha mafuta chenye pampu moja nzima na nyingine iliyovishwa gunia. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na kilima kikavu chenye mnara wa mawasiliano kileleni, na mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yameanza kukusanyika juu yake.

Mjaza mafuta alinielekeza kwa fundi cherehani mwenye geti la bluu.

"Ana chumba cha uani, kisafi. Lakini usimwulize habari za mumewe."

"Kwani amekuwaje?"

"Si ndiyo hayo nimekwambia usiulize?"

Fundi cherehani nilimkuta barazani, mwanamke wa makamo, miwani puani, akifumua mishono ya koti kubwa la kazi. Hakuinua kichwa.

"Siku ngapi?"

"Mpaka daraja lipone."

"Basi utazeekea hapa," akasema, akanipa ufunguo.

Koti lilikuwa la marehemu mumewe. Alikuwa akilipunguza limfae binti yao, fundi mitambo aliyetoka chuoni karibuni, ambaye waajiri walimpa nafasi ya baba yake katika kituo cha kilimani. Hayo niliyajua kabla jua halijazama, bila kuuliza, kwa sababu binti mwenyewe aliingia getini akiyatangaza: wiki ijayo anaanza zamu, na mama mtu afanye hima, maana hatapanda kule juu akiwa amevaa hema.

"Simama wima nikupime," mama yake alisema. "Na ufunge mdomo, kifua kinatanuka."

Chumba changu kilitenganishwa kwa ukuta mmoja na cha mdogo wake mwenye nyumba. Mchana kutwa nilisikia feni ya kompyuta ikikoroma, na mara mojamoja sauti ya mtu akiguna, kama anayebishana na mgonjwa asiyetaka dawa. Asubuhi yake nilimwona bombani. Alikuwa mrefu, mabega yamekunjika, na kucha zake zilikuwa na ukoko mwekundu. Mtaa mzima ulimwita Bwana Udongo, kwa kuwa alikuwa akirudi nyumbani na mifuko ya nailoni iliyojaa udongo, na aliianika kwenye sinia dirishani kama mtu anayeanika nafaka.

"Mjomba," mpwa wake alimwita kutoka jikoni, "leo utaoga, au tupande mahindi?"

"Pandeni. Mbolea mtatoa wapi?"

"Maneno yako yanatosha!" Kisha akanigeukia mimi. "Mgeni, usimwulize kazi yake. Ukimwuliza utaozea hapa."

Nikamwuliza. Sina dawa ya ugonjwa huo.

Kazi yake ilikuwa ethi. Kila mnara una waya au fimbo za shaba zilizozikwa chini yake, ili radi ikipiga ishuke ardhini badala ya kutafuta njia nyingine kupitia mitambo na watu. Yeye ndiye aliyekuwa akichora waya huo uzikwe vipi, katika vilima vyote vya ukanda ule. Alisoma uhandisi, lakini msingi wa kazi aliupata kwa baba yao, mchimba visima. Mzee yule, ardhi ikiwa kavu, hakugombana nayo. Alisogea. Alifuata bonde, majani mabichi, mchwa, mpaka alipoupata unyevu. Mwanawe aliichukua akili hiyo akaihamishia kwenye shaba. Mlima ukiwa mkavu, aliutandaza waya chini ya ardhi kwenye mteremko mpaka ufike penye unyevu, kisha akapima kwa mita. Tarakimu ikiwa bado kubwa, aliongeza waya. Kazini maneno yake yaligeuka wimbo: ongeza waya mpaka mita itabasamu. Wafanyakazi wapya walifundishwa hayo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Kilima cha mji huu ndicho kilichompa sifa. Ni mwamba na changarawe tupu. Alitandaza waya kutoka mguu wa mnara hadi bondeni, urefu ambao hakuna aliyewahi kuuona, na mita ikatabasamu hadi magego. Alipongezwa mbele ya watu. Kwa furaha ile akamwombea shemeji yake kazi ya kuangalia mitambo palepale, karibu na nyumbani.

Mvua zilizopita radi iliupiga mnara. Shemeji alikuwa katika chumba cha mitambo, mkono mmoja juu ya kabati la chuma, mwingine umeshika simu ya mezani ambayo waya wake unatoka mjini. Walimkuta chini, simu ikining'inia.

"Watu walisema ni kazi ya Mungu," Bwana Udongo aliniambia. "Mita ilikuwa safi. Waliipima tena siku ya pili, bado safi. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa."

"Na wewe?"

Aliinama akachukua konzi ya udongo kwenye sinia, akaiachia ichuruzike. "Mimi naiuliza ardhi."

Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, kompyuta mbili zilizofunguliwa matumbo, na pazia lililofungwa hata adhuhuri. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mmoja uliolala kimya upande wa kushoto, kisha ukapanda ghafla kuelekea kulia, kama njia ya mbuzi. Alikuwa ameiumba ardhi ya kilima ndani ya mashine: mwamba wake, changarawe yake, unyevu wa bondeni. Ndani yake aliuzika waya uleule, ameukata vipande vidogo vidogo, kila kipande na tabia yake. Kisha alituma umeme, kwanza wenye mtikisiko wa polepole, halafu wa kasi, halafu wa kasi zaidi, akitazama ardhi inausukuma nyuma kwa nguvu gani. Nguvu hiyo ndiyo iliyoupandisha ule mstari.

"Mita ya mkononi inauliza swali moja tu, tena polepole," alisema. "Radi ni mitikisiko mingi, ya taratibu na ya kasi mno, iliyofungwa katika pigo moja. Kwa kila kasi ardhi ina jibu lake."

Nilikiri sijaelewa. Akasogeza kiti.

"Fikiria korido ndefu yenye milango pande zote, yote inatoka nje. Watu wakiingia taratibu watasambaa. Huyu mlango huu, yule ule, mpaka mwisho kabisa. Korido ikiwa ndefu, ni afadhali. Sasa ingiza watu wanaokimbia moto, wote kwa mpigo."

"Watabanana kwenye milango ya mwanzo."

"Enhe. Waya wenyewe unakataa kuharakishwa. Umeme wa kasi haupati muda wa kufika mbali, unamwagika palepale mwanzoni. Korido iliyobaki, hata ingevuka mpaka, haina kazi."

"Na walio pale penye kuingilia?"

"Wanakandamizwa," akasema.

Nilidhani basi ameshapata jibu lake. Hakuwa na haraka ya kulikubali. Lilikuwapo jambo moja lililobaki, na alilishikilia kama mfa maji. Hesabu ile ilichukulia kwamba udongo ni uleule kwa kila kasi. Lakini watafiti wa nchi ya mbali walikuwa wametia udongo kwenye masanduku, wakaupitishia umeme wa kila mtikisiko, wakaona udongo mkavu hulegea kasi inapopanda: umeme wa haraka hupenya kwa wepesi kuliko ule wa polepole. Kama ulegevu huo ni mkubwa vya kutosha, ule mstari uliokuwa ukipanda ungelala, na waya wake usingekuwa na hatia. Ripoti alikuwa nayo. Ilikuwa katika lugha ambayo alinisikia nikiongea kwenye simu.

"Unaisoma pia, au unaiongea tu kama kasuku?"

"Naisoma."

"Basi Mungu amekuleta, au daraja."

Tukafanya kazi hiyo alasiri mbili tatu, mimi nikisoma sentensi na kuigeuza, yeye akiuliza, "Wamesema *hupungua* au *huweza kupungua*?" Nimetafsiri mengi maishani, mikataba, nyimbo za harusi, ugomvi wa wapangaji, ila sijapata kuona mtu akilitazama neno *huweza* kwa macho yale. Chai ilipoa. Nje mashine ya dada yake iliunguruma na kunyamaza. Mpwa alipita dirishani akachungulia kupitia pazia.

"Mjomba, mkuu wa matengenezo amepiga. Wameongeza waya kilimani, wiki iliyopita, kwa heshima ya baba. Umefika hadi ng'ambo ya kijito. Unajua mita imefanyaje?"

Mjomba wake aliifunika ripoti.

"Imetabasamu!" akasema binti, akaenda zake akicheka.

Bwana Udongo alikaa ameinamisha kichwa. Nilielewa hapo ndipo alipobanwa. Waliotaka kumlinda mtoto walikuwa wamemlinda kwa kanuni yake yeye, kanuni ileile, na hakuna mwingine duniani ambaye angeweza kuwakataza bila kuambiwa anaionea wivu kazi ya bingwa. Ili mpwa wake asipande kilimani, bingwa mwenyewe ilibidi aseme amekosea. Na akisema amekosea kuhusu mpwa, amesema amekosea kuhusu shemeji. Dada yake alikuwa barazani, hatua chache tu, akikata uzi kwa meno.

Jioni moja hesabu ilikamilika. Udongo ulikuwa umelegezwa kama ripoti ilivyosema, kila kasi na ulegevu wake. Mstari ulishuka. Nilimpiga begani kabla sijaona uso wake.

"Imesaidia," nikasema.

"Imesaidia."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kumfariji mtu asiyejua hesabu."

Mstari ulikuwa umeinama kidogo, ndiyo, lakini bado ulipanda. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani alikuwa ameliogopa tangu mwanzo. Aliufuta waya mrefu. Mahali pake akachora mikono mifupi inayotawanyika kutoka mguu wa mnara, kama unyayo wa kuku, akairusha radi ileile. Mstari ukashuka chini ya nusu. Bonde halikuhitajika, wala unyevu. Kwenye mwamba ule kilichotakiwa ni milango mingi karibu na penye kuingilia.

"Shaba imebaki," alisema. "Ningeweza kufanya hivi, na shaba ingebaki."

Nikasema kuteleza si kuanguka. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyekuletea maji kwenye kikombe kilichotoboka.

Asubuhi alipiga simu kwa mkuu wa matengenezo, amesimama katikati ya chumba, sauti ya yule bwana ikisikika hadi mlangoni kwangu.

"Wewe ndiye uliyetufundisha bwana! Sasa unataka niwaambie wakubwa nini, kwamba kompyuta yako inaumwa?"

"Waambie nilikosea."

"Unaomboleza bado. Pole. Pumzika, mvua zikiisha tutakaa, tutaongea."

"Mvua zikiisha itakuwa nini? Msimpandishe mtoto yule."

"Mtoto yupi? Mbona yuko huko tayari? Mwenzake wa zamu ameamka na homa, tumemchukua alfajiri na gari. Alifurahi mpaka akasahau koti."

Alikata simu bila kuaga. Kupitia geti la bluu, juu ya mabati ya maduka, tuliona wingu likiwa limekaa kichwani mwa kilima, zito, rangi ya sufuria iliyoungua. Akampigia mpwa wake. Ikaita, ikaita. Akapiga tena. Binti akapokea akicheka, akasema mjomba acha woga, huku ni baridi tu, mita yako inanilinda. Na akakata kwa sababu mtambo ulikuwa unamwita.

Basi akaenda barazani. Mimi nilibaki mlangoni mwa chumba changu, si mbali, wala sikujificha.

Mashine ilikuwa ikikimbia kwenye pindo la mkono wa koti.

"Dada."

"Sogea, unanizibia mwanga."

Akasogea. "Dada, ule waya wa kilimani. Niliukosea mimi."

Mguu wake uliendelea kukanyaga, sindano ikapita mwisho wa kitambaa ikawa inashona hewa. Kisha mashine ikanyamaza.

"Sema tena."

"Ulikuwa mrefu bure. Radi haikuufuata. Nguvu ilibaki chini ya mnara, ikapanda ndani ya jengo, na shemeji alikuwa ameshika simu, akawa njia yake ya kutokea. Ningechimbia karibu, ningetawanya..."

"Angekuwa hai?"

"Sijui. Huenda. Huenda angeungua tu mkono."

Alivua miwani akaiweka juu ya koti. Bila miwani alifanana na mdogo wake sana.

"Ulijua lini?"

"Hakika nimeipata jana."

"Sikukuuliza hakika."

"Nilianza kushuku siku tuliyotoka kumzika. Njiani."

"Njiani." Alilirudia neno kama anapima urefu wake. "Watu wakawa wanakuja hapa kuniambia ni kazi ya Mungu, na wewe umekaa pale, unaitikia."

"Niliitikia."

"Ukala chakula changu."

"Nilikula, dada."

"Na mwanangu ukamwacha akapimwa koti."

"Nilitumaini hesabu itanikanusha. Mpaka jana nilitumaini. Yuko juu sasa hivi, na nimempigia, hanisikilizi. Waya ule haumlindi. Mwambie wewe ashuke."

Hakupoteza muda kumlaumu zaidi. Alichukua simu yake chini ya mabaki ya vitambaa, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Uko wapi? ... Toka. Toka humo ndani, usiguse simu ya mezani, usiguse kabati. Dereva yuko? Ingia garini ushuke... Mwanangu, mimi sikuulizi kuhusu zamu. Nimesema shuka... Mita ilisema nini hainihusu. Mjomba wako ndiye amesema." Akasikiliza. "Ndiyo, huyohuyo. Amesema shuka."

Alingoja na simu sikioni hadi aliposikia mlango wa gari ukifungwa kule. Mimi pia niliusikia, au nilidhani nimeusikia. Ndipo akaiweka chini.

"Mlinzi wa geti amebaki huko," alisema bila kumtazama mdogo wake. "Na kesho watapandisha mtoto wa mtu mwingine."

"Najua. Nakwenda."

Aliingia chumbani akatoka na nyundo, sururu, na bunda la utepe wa shaba alilolivuta chini ya kitanda. Angeikata ile simu ya mezani kwa mkono wake, alisema, wamfukuze wakitaka, kisha angeanza kuchimba na mlinzi wingu likipita. Kwenye begi dogo alitia shati na mswaki. Nadhani aliutia mswaki kabla ya kuambiwa.

"Ukimaliza huko," dada yake alisema, "usirudi kulala hapa."

"Sawa, dada."

"Sikufukuzi. Ila sitaweza kusikia unakoroma upande wa pili wa ukuta, na yule amelala alikolala."

"Sawa."

Mwendesha pikipiki aliyepita alisimamishwa. Alitazama sururu, akatazama kilima, akasema mzigo kama huu na mbingu kama ile ni bei ya mwendawazimu. Bwana Udongo akapanda nyuma yake bila kujibizana, shaba imeviringishwa begani kama nyoka aliyechoka. Nilichukua koti langu nimfuate.

"Mgeni, wewe baki," fundi cherehani alisema.

Nikasimama.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu jana jioni."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu waliokuwapo. "Basi keti. Mwanangu anakuja, na ataingia anauliza kwa nini ameshushwa. Mimi nikianza kumwambia nitapiga kelele kabla sijafika katikati. Utamwambia wewe. Lugha unazo nyingi."

Pikipiki ilikuwa imeshapita kituo cha mafuta, ikabadilisha gia kwenye mwinuko wa kwanza. Mdogo wake hakugeuka nyuma, na yeye hakusimama kumtazama. Alinisogezea kiti kilichotazama geti, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikaketi, nikitafuta neno la kwanza la kumwambia binti ambaye angeingia akicheka.